Kabla Hujafika Bangkok, Kula Kwanza Kamukuywa

Ukishuka kwenye matatu pale Kamukuywa mwezi wa Aprili, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, utawakuta akina mama wameketi kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, kila mmoja na beseni lake. Ndani ya beseni kuna kitu cha hudhurungi kinachometameta kama maharagwe madogo yaliyopakwa mafuta. Sogea karibu. Si maharagwe. Kila punje ina kichwa, ina kiuno, ina miguu sita iliyojikunja kifuani. Hao ni kumbikumbi, sisi huku tunawaita chiswa, na mama mwenye beseni ameshachota wachache na kukunyoshea mkono. "Onja kwanza, mgeni."

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya dakika hiyo moja, mkono wa mwenyeji ukiwa mbele yako na tumbo lako likiwa limeshakataa kabla hujasema neno.

Watu wetu wanasafiri sana kwenda Asia siku hizi. Wafanyabiashara wanakwenda Guangzhou kufuata mzigo, wanafunzi wanakwenda India na China, wagonjwa wanapelekwa India kutibiwa, wenye nafasi wanakwenda Thailand kutembea. Na swali linalokuja mara tu baada ya viza na nauli ni hili: huko watanilisha nini? Wameona video za watu wakila nge waliochomwa vijitini, wakasikia habari za mayai meusi na samaki anayeliwa mbichi, na wengine hufunga kwenye sanduku unga wa ugali wa mwezi mzima. Ushauri wangu ni kwamba safari hiyo ianzie nyumbani. Kama hujawahi kula chakula cha jirani yako wa Bungoma, Bukoba au Unguja kwa heshima, cha Bangkok kitakushinda. Na kama umejifunza kuketi vizuri kwenye meza ya Kamukuywa, sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza.

Tuanze na hao chiswa, maana ndio wanaowatoa wageni jasho.

Kumbikumbi ni mchwa waliokomaa wakaota mabawa. Mvua za kwanza zikilainisha ardhi, hutoka kichuguuni kwa maelfu kwenda kutafuta wenzi na kuanzisha makao mapya. Wapo wanaotoka mchana jua likichomoza baada ya mvua, wapo wa jioni, na wapo wa usiku wanaofuata taa. Kichuguu kina mwenyewe. Kikiwa shambani mwa mtu, chiswa wake ni mali yake kama maembe ya mwembe wake, na mtu haendi kutega bila ruhusa.

Nilipokuwa mtoto nilimsaidia kukhu, yaani nyanya yangu, kutega. Tulichimba kishimo mbele ya tundu la kichuguu, tukapinda fito juu yake kama kibanda cha kuku, tukafunika kwa blanketi kuukuu na kuacha upenyo mdogo wa mwanga upande wa kishimo. Kisha tuliketi tukigonga vijiti juu ya gogo, polepole, bila kukatiza, kama matone yanayoanza kudondoka kwenye mabati. Kukhu alisema chiswa wakisikia mlio huo hudhani mvua imekuja. Mikono yangu ilichoka mapema, yake haikuchoka. Halafu ghafla tundu likaanza kuchemka. Walitoka wakikanyagana, wakaufuata mwanga, wakatumbukia kishimoni, na yeye akawa anazoa kwa viganja na kutia kwenye ndoo yenye maji kidogo ili wasiruke.

Jikoni hawahitaji mafuta. Hutiwa kwenye sufuria kavu juu ya moto wa wastani, hukorogwa kwa mwiko, na mafuta yao wenyewe hutoka na kuwakaanga. Mabawa hukatika kwa joto, chumvi kidogo hutiwa, kisha ungo hufanya kazi yake uani na upepo huchukua mabawa. Wanaobaki huanikwa juani, na wakikauka vizuri hukaa kwa muda mrefu.

Sasa namna ya kula. Usichukue mmoja ukamshika kwa vidole viwili na kumtazama usoni, kwa sababu ukimtazama hutamla. Chukua watano au sita kwa pamoja, watie kinywani, watafune kwa magego kama unavyotafuna karanga. Kwanza utasikia mkatiko mdogo, halafu mafuta, halafu ladha iliyo kati ya karanga za kukaanga na ngozi ya kuku iliyokauka motoni. Kama bado unasita, waombe pamoja na ugali wa moto, uwabandike juu ya tonge. Ugali huwafahamu wote na huwapatanisha wote.

Kama ulizaliwa Lamu, Mombasa au Tanga, jikumbushe kamba. Kamba ana miguu mingi kuliko kumbikumbi, ana masharubu, ana macho yaliyochomoza, na unamla kila wiki bila kufikiri mara mbili. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa aliketi sebuleni kwetu akiwa na bakuli la chiswa magotini kwa muda mrefu bila kugusa, hadi nilipomwambia hivyo. Alicheka, akafumba macho, akala. Bakuli lilirudi jikoni tupu. Undugu huo wa kamba na kumbikumbi, hata hivyo, ni wa kweli katika mwili pia. Mtu ambaye kamba humvimbisha midomo au kumtoa vipele anaweza kupata madhara yaleyale kwa wadudu. Kama wewe ni mtu huyo, usijaribu hata mmoja, na umwambie mwenyeji wako sababu. Ataielewa.

Ukinunua barabarani, muulize mama amewatoa wapi. Hilo si swali la dharau, ni swali la mnunuzi anayejua. Nchi hii kuanzia Kiminini hadi Kitale ni nchi ya mahindi, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia mwaka 2017 mashamba mengi hupuliziwa dawa. Chiswa wa kichuguu kinachojulikana ni salama kuliko waliookotwa chini ya taa katikati ya mashamba. Wanuse pia. Wazuri hunukia kama njugu, na waliokaa vibaya hunuka mafuta yaliyochacha.

Wala usidhani kwamba jambo hili ni la Wabukusu wa huku kwetu peke yao. Bukoba hungoja senene, wale panzi wanaoliwa, kama watu wengine wanavyongoja sikukuu, na Masaka, Uganda, taa kali huwashwa kwenye mabati ya kutegea usiku kucha msimu wa Novemba. Buganda kuna ukoo unaoitwa Nsenene, na watu wa ukoo huo hawali senene kwa kuwa ndio mwiko wao. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wana wadudu katika chakula chao cha kawaida, na kwamba spishi zinazoliwa zinazidi 1,900. Kwa hiyo unapoketi na bakuli lile magotini, kumbuka kwamba anayeonekana wa ajabu machoni pa sehemu kubwa ya dunia huenda ni yule anayekataa.

Lakini kuna watu wenye sababu ya kukataa, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Hukaa kimya, chakula kinapikwa, kinapakuliwa, kinawekwa mbele yao, ndipo wanaanza kusukuma sahani pembeni. Mwenyeji ameshaumia. Kukataa kuna saa yake, na saa yake ni kabla moto haujawashwa. Ukishasalimiana, ukishaitikia salamu yetu ya mulembe, ukishakaribishwa kiti, sema: "Mama, mimi sili kitu fulani, imani yangu hainiruhusu," au "mwili wangu haukipokei." Hakuna nyumba ya Kamukuywa itakayokasirika kwa hilo. Hapa tuna majirani Waadventista ambao hawali kambare kwa kuwa hana magamba, tuna wa kanisa la Friends (Quaker) ambao hawagusi pombe, na kila mpishi anajua kuwapikia. Kama wewe ni Mwislamu, sema mapema kuhusu kuchinja. Mara nyingi utaletewa kuku akiwa hai na kisu, uchinje mwenyewe, na kitendo hicho ni heshima kwa pande zote mbili. Kuhusu kumbikumbi wenyewe, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, kwa kawaida huruhusu nzige na kukataza wadudu wengine, hali wa madhehebu ya Malik wana nafasi pana zaidi. Fuata unachokiamini, ukiseme kwa sauti ya upole, na usikunje uso. Ninaamini uso uliokunjwa huumiza kuliko sahani iliyorudi.

Sahani ya pili itakayokujaribu haina miguu. Ni mrenda, tunaouita murere, pamoja na ugali wa wimbi. Ugali wenyewe ni wa rangi ya udongo mwekundu uliolowa, mara nyingi unga wa wimbi huchanganywa na wa muhogo, nao ni mzito na unavutika. Murere huteleza. Hupikwa kwa maji ya majivu: maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu hutiwa maji na kuchujwa, na maji yale ya kahawia hulainisha mboga na kuipa ladha yake. Waluhya wengi huyajua kwa jina la musherekha. Ukiinua murere kwa uma utakuja kama uzi usio na mwisho, utadondoka kwenye shati, na utaona haya. Basi weka uma chini.

Nawa mikono. Kijana wa nyumba atakuja na jagi na beseni, wewe mgeni utaanza. Kata tonge dogo la ugali, liviringishe kiganjani, kisha libonyeze kwa dole gumba hadi lipate kishimo kama kijiko. Ingiza kwenye murere kwa pembeni, chota, halafu, hapa ndipo ujuzi ulipo, zungusha kiganja nusu duara kwenye ukingo wa bakuli ili uzi ukatike. Peleka kinywani bila kusita njiani. Tonge la murere halitafunwi sana. Linapita lenyewe. Ukishapata mzunguko ule wa kiganja mara moja, hutausahau, na watoto waliokuwa wakikuchungulia mlangoni wataondoka kwa sababu hakuna tena cha kutazama.

Mmea huo ndio Wamisri wanauita mulukhiyah, na Waswahili waliokaa Oman na nchi nyingine za Ghuba huenda wamekutana nao mezani bila kujua kwamba ni mrenda wa nyumbani. Wajapani nao wanaula. Na Japani hiyohiyo ina natto, soya iliyochachushwa hadi ikavuta nyuzi, chakula kinachowashinda wageni wengi. Mtoto wa Kamukuywa akiwekewa natto atashangaa harufu, lakini nyuzi zile hazitamtisha, kwa kuwa mkono wake unajua pa kuzikatia.

Mboga chungu, managu na saga, zina ushauri mmoja tu: usizihukumu zikiwa za siku ya kwanza. Zilizopikwa na maziwa zikalala usiku mmoja huwa ni kitu kingine kabisa.

Kuku ni jambo jingine, na ugumu wake hauko kwenye ladha. Kwetu kuku ndiye lugha ya ukarimu. Mgeni aliyeondoka bila kuchinjiwa kuku, watu husema hakupokelewa. Ndani ya kuku huyo kuna firigisi, imondo, na imondo ina mwenyewe: ni ya baba wa nyumba au mzee mkubwa aliyepo. Usiitafute kwenye bakuli, usiichukue kwa bahati mbaya ukidhani ni kipande kama vingine. Mama akikuwekea yeye mwenyewe kwenye sahani yako, jua kwamba umepewa kiti kikubwa. Unaweza kuila kwa shukrani. Au, kama kuna mzee aliyekuzidi umri mezani, unaweza kumpa kwa mikono miwili, na jioni hiyo utapata rafiki. Zamani wanawake wa Kiluhya hawakuruhusiwa kula kuku kabisa, ingawa wao ndio waliomfuga na kumpika. Desturi hiyo imekufa katika nyumba nyingi na nafurahi imekufa. Lakini ukimwona kukhu mzee sana akichukua ugali na mboga peke yake, usimshurutishe. Huenda hajawahi kumla maisha yake yote.

Ukiwa na muda, panda barabara inayotoka Kamukuywa kuelekea Kaptama, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko ni kwa Wasabaot, na huko utapewa mursik. Ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu ambacho kwanza kimesuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, mara nyingi cha mti wa senetwet. Yakimiminwa huwa na vijipunje vya mkaa na rangi ya kijivu kidogo, na mgeni hudhani yameingia uchafu. Mkaa ule umewekwa kwa makusudi. Ndio unaoyapa maziwa harufu ya moshi na ndio fahari ya mwenye kibuyu. Wanariadha wetu wakirudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa mursik huohuo. Kunywa taratibu, uchachu wake ni mkali. Ila uliza kama maziwa yalichemshwa kabla ya kutiwa kibuyuni. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela, unaoleta homa ya kurudiarudia na maumivu ya viungo kwa miezi. Swali hilo haliwezi kumuudhi mfugaji. Anaujua ugonjwa huo kuliko wewe.

Wageni wengi hufika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, maana ndipo Wabukusu huwatahiri vijana wao. Utasikia njuga mchana na usiku, utaona kijana amekuja kutoka kwa mjomba wake akiwa amevalishwa shingoni ukanda wa nyama mbichi ya kifua cha ng'ombe. Ukanda huo ni luliki. Usiuguse, usipigwe nao picha bila ruhusa, na usiufanyie mzaha. Ndio ushahidi kwamba wajomba wamemkubali.

Siku hizo kuna busaa. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa siku kadhaa. Wazee huketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu, lusekhe, wenye kichujio kilichosukwa nchani, na maji ya moto huongezwa mara kwa mara. Ni kinywaji kizito, kichachu, cha uvuguvugu. Kama hunywi, sema hunywi na uketi nao tu. Kiti kwenye duara lile kina thamani kuliko mrija. Kama unakunywa, omba kikombe chako badala ya kuazima mrija wa mtu. Lakini ukitolewa pembeni ukaletewa chupa ndogo yenye kitu cheupe kama maji, kataa, awe ni nani anayekupa. Mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa pombe kali iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Hakuna adabu ya ugeni inayokudai macho yako.

Vingine vya kukataa papo hapo: nyamapori, kwa sababu ni kosa la jinai chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kwa sababu hujui mnyama yule alikuwa na ugonjwa gani. Na uyoga uliookotwa na mtu asiyeujua. Ule mkubwa mweupe unaoota juu ya vichuguu ni chakula kitamu mno, lakini kula ule tu uliochumwa na mama aliyekulia hapo.

Ukishayapitia haya, Asia haitakuwa na sura ya kutisha tena. Vibanda vya usiku vya Bangkok vyenye panzi na mabuu ya kukaanga ni beseni la Kamukuywa lililowekewa taa. Fanya vilevile: uliza, nusa, chukua kadhaa kwa pamoja. Pupa wa nondo wa hariri wanaouzwa Korea kwa kikombe, wanaitwa beondegi, ni laini zaidi kuliko chiswa na wana harufu nzito, kwa hiyo anza na mmoja. Yale mayai meusi ya China, pidan, hayakuoza. Hufunikwa kwa majivu, chokaa na chumvi kwa wiki nyingi hadi ute ugande kama jeli ya kahawia, na anayejua musherekha wa kukhu anajua kazi ya majivu. Miguu ya kuku utakayoletewa Guangzhou mtoto yeyote wa kwetu ameshaiguguna. Yai la bata lenye kinda ndani, balut ya Ufilipino, hilo sina cha kulifananisha nalo nyumbani. Kama moyo hautaki, sema asante mapema.

Na usijilaumu kikikushinda mara ya kwanza. Mimi nilipofika Unguja mara ya kwanza nililetewa doriani, tunda ambalo Singapore imepiga marufuku kulibeba kwenye treni za mjini kwa ajili ya harufu yake. Nilirudi nyuma. Mwenyeji wangu, bibi wa makamo, hakusema kitu, akalifunika na kuliweka. Siku ya pili alinipa kipande kidogo uani, penye upepo, akaniambia nizibe pua. Nikaonja kitu kama malai iliyotiwa vitunguu na asali. Siku ya tatu niliomba mwenyewe. Jaribu la pili, mahali pa wazi, kipande kidogo, karibu na mtu anayekipenda: sijapata njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kuna mpaka mmoja ambao usiuvuke huko hata ukisihiwa, nao ni ubichi. Kaskazini mashariki mwa Thailand kuna samaki wa maji baridi anayeliwa mbichi na ndimu, koi pla, na ndani yake huwa na minyoo ya ini inayoweza kuleta saratani ya mirija ya nyongo baada ya miaka. Ndimu haiwaui. Vietnam kuna damu mbichi iliyogandishwa, tiết canh, na ikiwa ni ya nguruwe inaweza kubeba bakteria wa homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya wanaopona hubaki viziwi. Sisi pia tunakula damu, lakini ile ya mutura, utumbo uliojazwa, hupikwa na kuchomwa. Kilichopita motoni kikafika mezani kingali moto, nina ujasiri nacho popote duniani.

Jifunze sentensi tatu za lugha ya huko kabla ya kupanda ndege: hiki ni nini, kimepikwa, na nimeshiba asante. India, tumia mkono wa kulia kama nyumbani. China na Japani, usisimamishe vijiti wima katikati ya wali, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyowafanyia wafu wao.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo uko Kamukuywa, matatu ya Kitale inapiga honi, na mama wa beseni bado anakungoja. Nunua glasi moja. Atakufungia kwenye gazeti, kisha atachota tena kidogo, nyongeza, akuwekee kiganjani. Hiyo nyongeza usiitie mfukoni. Uile hapohapo, mbele yake, kabla hujapanda.